Chungwa la Kwanza la Koku

Wenzangu wa kikundi cha waandishi, leo uso wangu sijui niuweke wapi. Nawaandikia mapema kabla hamjalisikia kwa Mama Kabula, mwenye nyumba wangu, maana yeye akisimulia jambo huliigiza na sauti.

Koku mnamjua. (Nyie mliosema yule msichana wa sura ya tatu ya riwaya yangu anatembea kama mtu halisi, haya, mlipatia.) Alikuwa karani kiwandani Nyakato, mpaka kiwanda kikafungwa kusubiri mnunuzi, wafanyakazi wakaambiwa siku hizi ni soko huria, kila mtu ajitafutie. Akaenda kujitafutia Dar. Mimi nikabaki hapa Mwanza, Igogo, kwenye chumba kilichokaa juu ya jiwe, ambako ukitaka hata shina la mchicha lazima upandishe udongo kwa ndoo kutoka bondeni. Ndiyo maana miti yangu yote ya malimau na machenza inaishi kwenye madebe.

Kabla hajaondoka, Koku aliniletea vijiti kutoka mchungwa wa mama yake huko Bukoba, amevifunga kwenye jani bichi la mgomba. Tukabebesha pamoja. Kazi yenyewe si kubwa: unachukua mche wa limau, ambao ni mgumu hausumbuliwi na ugonjwa, unaukata, unachomeka kijiti cha chungwa tamu, unafunga nailoni, unaomba Mungu. Mimi nilishika kisu, yeye akazungusha nailoni. Vidole vyetu vikakutana pale kwenye kidonda cha mti. (Mtu mwingine asingeitaja hii. Mimi siwezi kuiacha.)

"Ukizaa," akasema, "la kwanza nakula mimi. Usionje."

Tangu siku ile, kila jioni nikirudi kazini, nachuma jani moja la mti ule, nalifikicha, nanusa. Nafumba macho naona uani kwao, migomba, mama yake akifagia, na yeye Koku anakuja kutoka nyuma ya nyumba akiwa hajaniona bado. Ule ukurasa niliowasomea kikundini, unaohusu harufu ya nyumbani kwa mtu ambako hujawahi kufika, ulitoka kwenye jani lile. Mmoja wenu alifuta macho. Naomba anisamehe.

Mwaka huu mti ukazaa. Tunda moja tu. Mama Kabula alilitazama, akalizunguka.

"Method, chungwa gani hili lina chuchu?"

"Ni la Bukoba, mama."

"Na ngozi hii, kama kisigino?"

"Machungwa ya Bukoba yako hivyo."

Basi wiki hii Koku akapiga simu dukani kwa jirani. Anakuja na treni, anafika Mwanza leo asubuhi, jioni anapanda meli kwenda kwao.

"Kuna watu wanakuja nyumbani kuniona," akasema.

"Watu gani?"

"Watu, Method. Wazee, na kijana wao. Mama anataka niwepo."

"Na wewe unataka uwepo?"

Simu ikakoroma kidogo. "Sijui," akasema. "Kwanza nataka nije nile chungwa langu."

Mnaelewa hali yangu. Nilikuwa na nafasi kati ya treni na meli. Kama nisingesema leo, kuna kijana angesema kwa niaba yangu, tena akiwa na wazee na zawadi ya senene wa kutosha. Nikatunga maneno. Nilikuwa nayafanyia mazoezi huku namwagilia madebe: Koku atatafuna, atameza, na utamu ukiwa bado mdomoni mwake, mimi nitasema. Niliamua pia kwamba wakati wa kusema nitatazama ziwani, si usoni kwake. Niliona mwanamume anayesema jambo zito anapendeza akitazama mbali. (Sijui nilitoa wapi wazo hili. Pengine kwenye riwaya yangu mwenyewe.)

Leo sasa. Koku akapanda mlima wetu wa mawe, viatu mkononi, kanga kiunoni, vumbi la treni kwenye nywele. Nilimwona tangu bondeni nikashindwa hata kwenda kumpokea mzigo. Nilikuwa nimesahau anavyoinamisha kichwa akicheka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ndiyo wewe? Karibu. Huyu bwana ameongea na debe lake mpaka tukawa na wasiwasi."

Uani palikuwa na akina mama wanajumuiya wenzake Mama Kabula, wamekaa kwenye mkeka wanapaa samaki aina ya sato kwa ajili ya sherehe yao ya kesho. Sikuwa nimewaalika. Wakasogea wote kidogo, kama watu wanaokaribishana tu.

Koku akachuchumaa mbele ya debe. Akaligusa lile tunda kwa kidole.

"Umenisubiria kweli," akasema. Kwa sauti ya chini, hivyohivyo. Wenzangu, hapo tu ningeweza kufa na nisidai kitu.

Nikalichuma. Nikalikata. Akachukua kipande kikubwa, na kwa kuwa alikuwa ametoka safari ndefu bila kunywa kitu, akakiingiza chote mdomoni, akauma.

Nikageuka nikatazama ziwani. Maji yalikuwa yametulia, yana rangi ya bati jipya. Nikavuta pumzi nikasema, kwa sauti iliyofika mpaka kwenye mkeka:

"Koku, ukikubali kuwa wangu, hivi ndivyo maisha yetu yatakavyokuwa. Ladha hiihii, kila siku, mpaka uzee wetu."

Nyuma yangu nikasikia mguu ukipiga chini. Nikadhani ameguswa.

"Nitakulisha hivi kila asubuhi," nikaongeza. (Hii haikuwemo kwenye mazoezi.)

"Method," akaita Mama Kabula, taratibu. "Hebu mtazame mwenzio."

Nikageuka. Jicho moja la Koku lilikuwa limejifumba kabisa. La pili linatoa machozi. Mashavu yameingia ndani, mkono umeshika taya, na mguu mmoja unapigapiga chini. Hakuweza kutema mbele ya wakubwa zake, hakuweza kumeza. Mama mmoja akadondosha sato. Mwingine akajifunika kanga uso mzima, kanga ikawa inatetemeka.

Nikaonja lililobaki. Lilikuwa limau. Si chungwa lililochacha, si chungwa la porini. Limau kamili.

Koku alipopata ulimi wake akachuchumaa tena, akafunua majani, akapapasa shina mpaka chini.

"Kiungo tulichofunga kiko hapa," akasema. "Tawi lako limetokea huku, chini yake. Hili ni limau lenyewe limechipua. Kijiti changu kiko wapi?"

Juu ya kiungo palikuwa na kikovu kidogo cheusi. Nikakikumbuka. Mwaka ule wa kwanza kulikuwa na kijiti kinyonge pale juu, kina majani mawili, hakikui, na chini yake chipukizi linapanda kwa nguvu. Nikaona kile kinyonge kinamnyima mwenzake chakula.

"Nilikikata," nikasema.

"Ulinikata mimi?"

"Nilidhani nakusaidia."

Akatazama kikovu, akanitazama mimi. Halafu akainamisha kichwa akaanza kucheka, na mkeka mzima ukapata ruhusa. Walicheka mpaka mbwa wa jirani akaja kuangalia. Mama Kabula akachukua nusu iliyobaki mkononi mwangu, akaikamulia kwenye sato. "Ni limau zuri sana hili," akasema. "Mtu asikudanganye." Tukakaangiwa, tukala sote, na Koku akaomba aongezewe.

Jioni nikamsindikiza bandarini. Njia nzima hatukuongelea jambo hilo. Alikuwa anapitisha ulimi kwenye meno, mara kwa mara, akikunja uso. Nilibeba begi lake nikitamani mji uwe mrefu zaidi. Watu walipoanza kupanda melini akalichukua begi.

"Yale maneno yako nimeyasikia," akasema. "Yote. Hata lile la kila asubuhi."

"Na?"

"Meno yamekufa ganzi, Method. Siwezi kujibu jambo kama lile na meno ya namna hii. Nikifika nyumbani nitakaa chini ya mchungwa wa mama, nile chungwa la kweli, halafu nifikirie."

"Na wale watu wanaokuja?"

Akapanda ngazi. Aligeuka mara moja tu, mkono shavuni, na sikuweza kujua kama anatabasamu au ni limau.

Meli imeshapita kisiwa, taa zake sizioni tena. Nimekaa karibu na simu ya dukani, na muuza duka ameshaniuliza kama nanunua kitu. Kwa hiyo wenzangu, nawaomba msicheke kwa sasa. Sijajibiwa bado.