Seli Zangu za Kuua na Ofisi Yenye Dirisha

Jumatatu, 8 Juni
Habari kubwa! Makamu mkuu wa shule amehama. Ofisi yake iko wazi. Ina dirisha! Mimi, mwalimu wa Biolojia, meza yangu iko stoo, uso kwa uso na mifupa ya plastiki. Mama Mkuu wa shule ametangaza kwamba atakayeng'ara Ijumaa, Siku ya Sayansi, chumba ni chake. Mwalimu wa Kemia akatabasamu. Kila mwaka anatoa moshi wa rangi, na kila mwaka watu wanashangilia kama hawajawahi kuona moshi. Safari hii hafui dafu. Ninaleta mchezo wa kuigiza: seli T za kuua, askari wa mwili!

Jumanne, 9 Juni
Nimewaeleza Kidato cha Tatu. Seli hizi huzaliwa ndani ya uboho wa mifupa, hazijui hili wala lile. Zinahamia kwenye thimasi, tezi iliyoko kifuani. Hiyo ndiyo shule yao. Sasa, kila seli ya mwili huonyesha nje vipande vya vitu vilivyomo ndani yake, kama mtu aliyevaa kadi kifuani. Mtihani wa kwanza: unaweza kuisoma kadi? Huwezi, unakufa. Mtihani wa pili: ukikutana na kadi ya mwenzako mzima, unamrukia? Unamrukia, unakufa vilevile. Wengi hawatoki humo.
Kiranja, binti anayeuliza maswali hata kengele ikishalia, akataka kujua ni shule gani inayofelisha karibu wote. Nikamwambia ni shule yenye msimamo.
Mke wangu ni fundi cherehani. Ameshona kadi za kitambaa, nyeupe kwa seli nzima, zenye doa jekundu kwa zilizoingiliwa na kirusi. Nampenda sana mke wangu.

Jumatano, 10 Juni
Nimeazima mashine za kutobolea karatasi, zote, kutoka kwa karani. Kipaji hiki! Maana seli ya kuua haipigi kelele. Inaigusa seli gonjwa, inaisoma, inaitoboa, halafu inaingiza vimeng'enya vinavyoiamuru ijibomoe yenyewe. Taratibu, bila kupasuka na kumwaga uchafu. Kisha muuaji anabanduka na kwenda kwa mwingine. Kwa hiyo watoto watatoboa kadi, watachomeka kikaratasi kilichoandikwa JIBOMOE TARATIBU, na mgonjwa atajikunja hadi sakafuni.
Kemia alichungulia mlangoni akauliza kama tunafanya usafi. Nikacheka kwa dharau. Nadhani ilisikika.

Alhamisi, 11 Juni
Mazoezi. Mtihani wa kwanza, darasa zima limefaulu. Mtihani wa pili, balaa. Kila mwenye kadi alitobolewa, mzima na mgonjwa. Hata mpishi wa shule, aliyekuja tu na chai akakubali kuvaa kadi nyeupe, katobolewa mara nne. Aliyefaulu ni Kiranja peke yake.
Nikifuata sayansi, jukwaani atasimama mtu mmoja. Mbele ya moshi wa rangi! Nimewafaulisha wote. Mke wangu akauliza ni nini kitakachowazuia kesho. Nikamwambia jukwaa ni dogo, wataenda wapi? Akasema haya, mume wangu. Sipendi hiyo haya yake.

Ijumaa, 12 Juni
Moshi wa Kemia ulitoka wa zambarau. Makofi. Nikavumilia.
Zamu yetu. Nikaanza kwa kuwaeleza wageni ile mitihani miwili. Kiranja ndiye aliyekuwa seli mjumbe, maana muuaji haanzi kazi mpaka aonyeshwe kipande cha adui na apewe ruhusa. Akainua doa jekundu, akapuliza filimbi. Wakaruka! Wagonjwa wote wakajikunja vizuri mno, machozi yakanilenga.
Ila wauaji hawakuishia hapo. Kemia alikuwa msimamizi wa mapokezi, na kwa unadhifu wake alikuwa amewapa wageni wote kadi za majina. Kifuani! Darasa langu likashuka jukwaani. Kidato cha Pili nao wakajiunga bila kuitwa, yaani seli zimejizidisha, jambo ambalo hata sikulipanga. Ushungi wa Mama Mkuu, tundu. Koti la Kemia, matundu (hilo sikulilia). Wakamfikia mgeni rasmi, mkaguzi mstaafu, wakatoboa kadi pamoja na tai ya hariri. Matundu mawili, nadhifu kabisa. Wakamchomekea kikaratasi.
Nikaanza kuwaza kazi nyingine.
Mzee akakisoma. Akavua miwani. Akajikunja taratibu mpaka zuliani.
Makofi ya kubomoa paa! Alipoinuliwa alisema mkewe ana ugonjwa wa viungo unaofanya mwili ujishambulie wenyewe, na leo ndiyo mara ya kwanza ameuelewa. Akanisifu kwa kuonyesha kwa makusudi hatari ya kuruka mtihani wa pili. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Kwa makusudi, ndiyo.

Jumatatu, 15 Juni
Nimepata ofisi! Pamoja na Kemia. Mama Mkuu, mwenye ushungi mpya, amesema tugawane, na eti mwakani mgeni asivae kadi. Umeona? Tatizo lilikuwa kadi.
Kemia aliwahi, akaweka kiti chake dirishani, changu mlangoni. Sawa. Mwakani naleta kingamwili, zile zinazomng'ang'ania adui asiponyoke. Gundi nimeshanunua. Alipotoka kuchukua vitabu, nikaijaribu kidogo kwenye kiti cha dirishani. Kimya kimya, kitaalamu.
Aliporudi akasema amefikiria, mimi ndiye niliyeshinda, dirisha ni haki yangu, nikakae. Sikumwachia nafasi ya kubadili mawazo. Nilikimbia!
Kengele ya kwenda nyumbani imelia. Kemia ameaga. Naandika haya bado nimekaa dirishani. Nimejaribu kusimama, basi tu. Lakini uwanja wote unaonekana kutoka hapa, na upepo ni mzuri.