Madawati Yaliyofika Mezani

Idara ya Reli inayo furaha kuutangazia umma kwamba tangu mwaka huu uanze hakuna treni yetu hata moja iliyochelewa, hakuna mzigo uliopotea, wala abiria aliyelalamika. Mafanikio haya yamepatikana baada ya shughuli zote za Idara kuhamishiwa juu ya meza.

Nikisema meza, namaanisha meza. Iko ghorofa ya kwanza, chumba cha mikutano, karibu na dirisha lisilofunga. Juu yake umetandazwa mchezo ambao Mkurugenzi alirudi nao kutoka kwenye semina ya nje: ramani yenye milima, mito na miji ya duara, vipande vya reli vya kupanga, vichwa vya treni vya plastiki vinavyoenea kiganjani, na kete za rangi ambazo ndizo mizigo. Nyeusi ni makaa ya mawe, njano ni nafaka, kahawia ni mbao na chochote kilichotengenezwa kwa mbao. Unajenga njia, unapeleka kete mjini kwake, unapata alama. Wanangu wanao mchezo kama huo nyumbani, na huugombania mpaka nauweka juu ya kabati. Idara haina kabati refu kiasi hicho.

Mimi ni Katibu wa Meza. Nina stashahada ya usafirishaji, na kazi yangu ni kusoma kanuni kwa sauti na kuhakikisha hakuna anayeweka chai juu ya milima.

Msije mkadhani ni utoto. Idara ina kichwa kimoja tu cha treni kinachotembea, na zamani wakuu wa vitengo walibishana mpaka mishipa ya shingo ikawatoka kuhusu kiende wapi. Waraka wa Mkurugenzi umemaliza ugomvi: atakayeshinda mezani Jumatatu ndiye atakayekipangia kichwa hicho safari za wiki nzima. Ni haki kabisa, maana kila mtu anaruhusiwa kushinda. Imetokea tu kwamba kila Jumatatu anashinda Mkurugenzi, na kila wiki kichwa hicho kinavuta behewa lake lenye mapazia kwenda kukagua reli ya kwa wakwe zake. Hakuna reli iliyokaguliwa kama ile.

Fundi Mkuu aliwahi kukaribia kumshinda. Akahamishiwa stesheni ambayo reli haijafika. Aliporudi, alikuwa amejifunza kukohoa na kuruka zamu yake kila mzee anapobanwa. Mhasibu hakuhitaji kuhamishwa, yeye alizaliwa na adabu hizo.

Sasa hayo madawati. Madawati ya shule ya msingi ya mji wa mlimani yalikuwa yamepakiwa kwenye mabehewa pale stesheni ya njiapanda, yakisubiri kichwa cha kuyapandisha. Binti yangu wa mwisho anasoma shule hiyo, anaishi kwa mama yangu. Anakaa sakafuni na kuandikia magotini, na mwandiko wake umekuwa kama kuku kapita kwenye majivu. Sikulitaja jambo hilo kikaoni, maana Idara haina upendeleo wa ndugu, ukiondoa wakwe. Nilisubiri utaratibu. Utaratibu ukaja: Mkurugenzi aliipeleka kete ya kahawia hadi kwenye duara la mji ule, akapata alama, nami nikaagizwa kuipigia shule simu ya pongezi kwa kupokea madawati.

Jumatatu iliyofuata Mwalimu Mkuu akaja mwenyewe. Mama wa makamo, viatu vimejaa vumbi, mkoba kwapani, sauti iliyozoea kutuliza paredi.

"Nani alinipigia simu kunipongeza?"

"Mimi, Mwalimu. Karibu."

"Hayo madawati yamefika wapi?"

Nikampeleka mezani. "Haya hapa. Na huu ndio mji wenu."

Akavaa miwani, akainama, akaitazama kete. "Mazuri," akasema. "Sasa watoto niwalete humu, au mtawapakia wenyewe?"

"Hilo ni la kitengo cha abiria," Mkurugenzi akamjibu kwa upole. Si mtu mbaya, tatizo lake ni kwamba hajawahi kukatazwa. "Mama, kwa takwimu zetu shule yako imeshahudumiwa. Ukiyataka tena itabidi uombe upya."

Kikao kilikuwa na tatizo jingine siku hiyo. Waraka unataka wachezaji watatu, na Mhasibu alikuwa amekwenda kung'oa jino.

"Mwalimu anaweza kushika nafasi," nikasema huku nikiupanga ubao upya.

Mkurugenzi akasita. "Hajui kanuni."

"Nitamsomea, mzee."

"Basi umsomee na ile ya mwisho."

Fundi Mkuu akatazama dari. Kanuni ya mwisho ni kwamba mzee hashindwi. Nilipekua kijitabu chote, sikuiona. Mimi ni katibu, nasoma kilichoandikwa.

Hata hatujazoea viti, Mwalimu akainua kidole. "Baba, subiri. Umecheza mara mbili."

"Mimi ndiye Mkurugenzi."

"Nimesikia. Na mimi ndiye ninayefuata."

Mkurugenzi akasubiri. Zamu yake iliporudi, akapitisha reli juu ya mto.

"Daraja liko wapi?" Mwalimu akauliza.

"Huu si mto, ni kijito."

"Hata kijito kinazamisha. Toa."

Mkurugenzi akakitoa kile kipande. Sikuwahi kumwona akiondoa chochote alichokiweka, isipokuwa watumishi. Mlangoni watu wa masjala walikuwa wameshajaa, kila mmoja akitafuta stepla.

"Fundi," Mkurugenzi akanong'ona, "leo hukohoi?"

"Nimepona, mzee."

Likabaki pengo moja la kupita mlimani. Zamu ilikuwa ya Mkurugenzi na pengo lilikuwa wazi, lakini kwa mazoea akarefusha kwanza njia ya ukweni, ambako hakuna mzigo wa kubeba ila salamu. Mwalimu akaziba pengo kwa kipande chake, akaipandisha kete ya kahawia, akapata alama za ushindi. Kumbe kumshinda hakukutaka ujanja wowote. Kulitaka mtu asiyesubiri kupandishwa cheo.

Mkurugenzi akacheka peke yake. "Jamani, si mchezo tu huu?"

"Mzee, hilo usilirudie," Fundi Mkuu akasema taratibu. "Tuzo yako ya Usafirishaji Bora ni ya meza hii. Mkataba wako mpya umetiwa saini kwa takwimu za meza hii. Huu ukiwa mchezo, na vile ni mchezo."

Mkurugenzi akafikiri. Nimekuwa chini yake muda mrefu, na ndiyo mara yangu ya kwanza kuishuhudia shughuli hiyo.

"Idara," akasema hatimaye, "inaiheshimu Meza."

"Treni inaondoka lini?" Mwalimu akauliza.

"Leo," nikajibu kabla mtu hajaunda kamati. "Kichwa kimeshajazwa mafuta. Kilikuwa kinakwenda ukweni."

Mkurugenzi hakukubali mafanikio yaondoke bila kiongozi. Akaagiza behewa lake lenye mapazia liungwe nyuma.

"Kilima hakitakubali, mzee," Fundi Mkuu akamwambia. "Ama mapazia, ama madawati."

"Na wiki hii ni ya Mwalimu," nikaongeza.

Basi kutoka njiapanda Mkurugenzi alipanda mlima ndani ya behewa la mizigo, suti nzima, ameketi kwenye dawati la mtoto, magoti yamekaribia masikio. Kila tulipokata kona aliuliza, "Bado?" Nikamjibu kama ninavyowajibu wanangu: tutafika tukifika.

Stesheni ya mlimani shule nzima ilikuwa imejipanga. Binti yangu akanikimbilia mikono wazi, akanipita, akalikumbatia dawati. Mkurugenzi akachomoa hotuba mfukoni.

"Hotuba baadaye, baba," Mwalimu akasema. "Shika upande ule. Nyanyua kwa miguu, usije ukautegua mgongo."

Akashika. Tai ikatupwa begani, koti likabaki kwenye nguzo, na hotuba ikatumika kupepea. Watoto walimpigia makofi kila alipopita, naye, nadhani kwa makofi hayo, akarudi kuchukua mengine bila kuambiwa.

Idara inapenda kuuarifu umma kwamba madawati yaliwatosha watoto wote, wala halikuzidi hata moja. Mkurugenzi aliposimama mlangoni mwa darasa, akihema, akauliza mgeni rasmi anakaa wapi. Wakatazamana. Binti yangu, ambaye amelelewa na bibi yake na anajua kupokea wageni, akainuka, akampa shikamoo, akafuta vumbi sakafuni kwa kiganja.

"Hapa, babu," akamwambia. "Ndipo nilipokuwa nakaa mimi. Ukishazoea hapaumi."