Historia ya Mashua, Kifungu cha Nne

Umma unatangaziwa, kwa heshima na taadhima, kwamba kuanzia Jumatatu mashua yoyote ya uvuvi ambayo haimo kwenye vitabu vya rejea haipo. Isiyopo iondolewe gatini ndani ya siku saba. Ikikaidi, itakatwa kwa msumeno.

Tangazo hilo nililiandika mimi. Mimi ni Katibu wa Kamati ya Historia ya Mashua katika Idara ya Vyombo vya Majini, na sijipigi kifua bure: kabla yangu idara nzima haikuwa na historia hata ya ukurasa mmoja. Mkurugenzi aliniita akaniambia, "Katibu, wenzetu wana historia. Sisi tuna mashua tu, zinaeleaelea." Nikamwelewa. Alitaja pia kwamba boti mpya ya idara imefika na haina pa kufungwa, lakini hilo ni jambo jingine kabisa.

Wapo walionijia juu. Walisema vitabu vile viliacha kuandikwa miaka thelathini iliyopita, sasa mashua zilizojengwa baadaye zitasomeka wapi? Watu bwana! Walidhani hatukufikiri. Kifungu cha nne kilieleza wazi kwamba mashua mpya itaje mama yake, yaani mashua ya zamani ambayo mafundi waliiga vipimo vyake. Mama akiwamo kitabuni, mtoto yupo. Mama asipokuwamo, hayupo mama, hayupo mtoto, ukoo mzima umekwisha. Nilikitunga kwa nusu saa tu, na Mkurugenzi akanipa mkono.

Kufika Jumanne mashua kumi na moja za gati letu zilikuwa zimetaja mama mmoja, Semeni Mchoke.

Semeni Mchoke ni mashua ya Fundi Msasa, mwanamke wa makamo, seremala wa vyombo, ambaye jina la Msasa alipewa kwa sababu ya ulimi wake na si kazi yake. Iliundwa na mama yake mzazi. Inamlisha yeye, dada zake wawili na mabaharia sita pamoja na familia zao. Tena ilifungwa mahali pazuri kuliko pote, karibu na ngazi, pale pale ambapo boti ya idara ingependeza.

Aliingia ofisini bila hodi.

"Katibu, umesema mashua yangu haipo?"

"Si mimi, dada yangu. Ni kifungu."

"Leo alfajiri nimevua nayo. Samaki nimewatoa wapi, uvunguni?"

"Samaki hawahusiki na historia."

"Haya. Mama aliiandikisha. Nilikuwapo, nina miaka tisa, nimemshikia karani wino."

"Basi lete kitabu."

"Kitabu si mnacho nyie!"

"Ndiyo maana ukitafute wewe," nikamjibu kwa upole. "Tukikitafuta sisi tutaonekana tuna upendeleo."

Chumba cha vitabu vya rejea kiko ghorofa ya pili, nyuma ya stoo ya viti vibovu. Mtunzaji wake ni Babu Miwani, mtumishi wa mfano. Miaka mingi iliyopita mkaguzi mmoja alimwambia rafu zake zimekaa kama meno ya mtoto wa miaka saba. Babu hakulala usiku ule. Akavipanga upya vitabu vyote kwa urefu, vifupi mlangoni, virefu dirishani, mstari umenyooka kama uzi. Alipewa cheti. Tangu siku hiyo hakuna aliyesoma kitu mle ndani, na malalamiko yakaisha.

"Shikamoo, babu," Fundi alisema, nami nyuma yake.

"Marahaba, mwanangu. Kitabu unachotaka kina urefu gani?"

"Urefu? Kinaitwa Daftari la Mashua za Uvuvi."

"Majina tuliacha, tena kwenye majalada yamekwisha kufutika. Urefu, mwanangu, kwa sentimeta."

"Nikikijua urefu nitakisoma?"

"Utakisoma, ukiniwekea kingine cha urefu huo huo mahali pake. Mimi pengo siruhusu."

Nilikuwa nimeshatoa leso mfukoni, maana watu wengi huanza kulia hapo. Fundi akacheka. Alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akauliza kitu ambacho hakimo kwenye fomu yoyote: "Babu, rula unayo? Niazime."

Akaondoka nayo mbio hadi gatini. Mimi nikamfuata, kwa sababu rula ni mali ya idara. Akaruka ndani ya Semeni Mchoke, akapiga magoti kwenye kibao cha kukalia.

"Karani alikaa hapo," aliniambia. "Kitabu akakiweka hapa, kikagusa ukingo huu na ukingo huu, hakikuzidi hata unywele. Mama alifurahi siku hiyo! Akasema, oneni, hata kitabu cha wakubwa nimekipatia kiti chake. Kibao hiki sijakibadilisha."

Akapima. Sentimeta thelathini na nne na nusu.

Babu Miwani alipoulizwa vitabu vya urefu huo viko vingapi, alijibu papo hapo, kumi na tisa, na uso ukamng'aa. Nadhani hakuna aliyewahi kumwuliza swali zuri namna ile. Alhamisi saa mbili asubuhi Fundi akarudi na gunia begani. Ndani mna vibao kumi na tisa, vimepigwa randa, vimekatwa kwa urefu ule ule. Babu alivipima kimoja kimoja. Machozi yalimlengalenga.

"Hivi vimenyooka kuliko vitabu," alinong'ona.

Mimi nilisimamia zoezi. Kitabu cha kwanza kilihusu magonjwa ya bata. Cha pili kilikuwa kanuni za mizani. Cha tatu, hotuba za ufunguzi wa madaraja, na daraja lenyewe halikutajwa popote. Kurasa zilikuwa zimegandana kwa unyevu, ikabidi Fundi azifungue kwa ncha ya kisu, taratibu, mmoja baada ya mwingine. Alfajiri anavua, mchana anasoma. Jumamosi jioni alikuwa amemaliza kumi na sita, na mkononi hana kitu. Akakaa sakafuni.

"Nikikikosa kitabu, Katibu, nitamwambia nini mama yangu huko aliko? Na wale kumi na mmoja wananitazama mimi. Wana watoto."

Sikufichi, nilimwonea huruma sana. Niliiandika huruma hiyo kwenye muhtasari, chini ya "Mengineyo".

Jumapili ofisi hufungwa. Lakini Babu Miwani alisahau ufunguo mlangoni, kisha akarudi mara mbili kuhakikisha kwamba ameusahau. Kitabu cha kumi na saba, ukurasa wa tisini na mbili, wino umepauka lakini unasomeka: "Semeni Mchoke. Mashua ya kuvulia. Urefu mita tisa. Mjenzi: mwanamke. Mwenye chombo: huyo huyo. Karani amehakikisha mara mbili."

Fundi alipiga ukelele nikadhani ameumwa na nge. Kumbe furaha.

Jumatatu ilikuwa siku ya hafla. Hema limefungwa, wakata mbao wawili wamesimama na misumeno, Mkurugenzi amevaa suti ya kuzindulia. Mheshimiwa, mgeni rasmi wa siku hiyo, alifika kwa boti mpya ya idara, nyeupe, ya plastiki, inang'aa mpaka unafumba macho. Kabla sijasoma ratiba Fundi akapanda jukwaani na kitabu kifuani, akasoma ukurasa ule neno kwa neno. Mabaharia wakarusha kofia. Vigelegele! Mashua kumi na mbili zikawapo kwa mpigo mmoja. Mkurugenzi akatabasamu huku taya zimekaza.

Mheshimiwa alipendezwa kweli kweli. "Jambo zuri sana hili, kila chombo kina mama yake," akasema, kisha akaonyesha kidole ngazini. "Na hii niliyokuja nayo, mama yake nani?"

Mkurugenzi akanigeukia. Nikafungua waraka, nikasoma kifungu cha nne, nikakisoma tena kutoka chini kwenda juu.

"Mheshimiwa," nikasema, "hiyo ilitoka kiwandani. Haina mama. Kwa hiyo haipo."

"Haipo? Sasa mimi nimekuja na nini?"

"Kwa mujibu wa waraka, Mheshimiwa, hujafika."

Mmoja wa wakata mbao akaigonga boti ubavuni kwa kidole. "Bosi, tumeambiwa tukate chombo kisichopo. Ndiyo hii?"

Sijawahi kumwona Mkurugenzi akishuka jukwaa kwa kasi namna ile. Alimfuata Fundi kwenye jua, amekunja mikono mbele kama mtu aliyekuja kuposa.

"Dada Fundi, nakuomba. Mashua yako... ikubali kuwa mama wa boti yangu."

"Ala! Si ilikuwa haipo?"

"Yamepita hayo, dada yangu."

Fundi akaizunguka boti na futi yake. Akapima pua, akapima tumbo, akachungulia chini. "Mbavu hana. Mgongo hana. Sura hii si ya kwetu kabisa."

"Nakusihi!"

"Haya, tutamlea. Lakini watoto wa mama huyu wote wanavua, hakuna anayekaa bure. Na mwenye chombo anapanda chombo chake. Andika, Katibu."

Niliandika. Mheshimiwa akatia sahihi kama shahidi, akipiga makofi, na kwa sahihi hiyo akawa amefika rasmi.

Boti ya idara sasa inafungwa mwisho kabisa wa gati, baada ya zile kumi na moja, maana ndiyo kitindamimba. Kesho yake tulirudi kutoka majini jua limeshapanda. Mkurugenzi alikuwa amekunja suruali hadi magotini, magamba yamemganda kwenye tai, anachambua samaki wavuni. Mimi nilikuwa pembeni yake, kwa kuwa Katibu hawezi kukosa kikao cha mwenyekiti wake. Ilipofika saa nne akatazama saa, akasimama, akajikohoza.

"Fundi, niruhusu. Nina kazi ofisini, mimi ni Mkurugenzi."

Fundi hakuinua hata kichwa. "Umo kwenye kitabu gani, baba?"

Mkurugenzi alinitazama mimi. Nikajifanya nahesabu mapezi ya samaki niliyemshika. Akakaa tena, akavuta wavu karibu.