Vidole vya Kuuzia Linux

Mtaani walimwita Profesa, ingawa shule aliiacha yeye na walimu wakiwa wamechokana. Siku hiyo, kwenye duka la simu, alimsikia mwanamke akiulizia tableti ya bei nafuu inayokubali Linux, ule mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta. Linux ni mdudu gani, Profesa hakujua. Alichojua ni sauti ya mteja mwenye haja. Tena asubuhi dada yake alikuwa amemwambia wazi: leo asiporudi na pesa, atalihama kochi la sebuleni.

Akamwambia mwanamke anayo tableti hiyo, wakutane mkahawa wa jirani. Akatangulia, akajifungia chooni na tableti yake kuukuu, akapakua video ya mtu anayetumia Linux. Akafanya mazoezi mpaka vidole vikaenda sambamba na picha: hapa gusa, hapa buruta.

Mezani alionyesha maajabu. Akafungua mafaili, akafungua barua, akasifu betri, akasifu hata mikwaruzo ya kioo. Mambo yalikwenda vizuri mpaka video ikaisha. Kioo kikawa cheusi, na kidole cha Profesa bado kinaburuta.

Alitazama mlango. Mwanamke hakupiga kelele.

"Kaka yangu," alisema taratibu, "mimi ni mwalimu wa kompyuta. Sijawahi kuona vidole vya namna hii. Hukukosea hata mara moja. Unapoteza kipaji chako bure."

Profesa aliujua kila uongo wa mjini. Huo ulimpita, maana ulimsifu yeye.

Kesho, mwanamke akaeleza, anaanza darasa la mafundi wa Linux, na wahitimu hupewa kazi. Nafasi imebaki moja. Kuhusu ada asijali, tableti hiyo itatosha. Profesa akaisukuma upande wa pili wa meza haraka, mwalimu asije akaghairi.

Jioni alimtangazia dada yake kwamba sasa yeye ni mwanafunzi. Dada akamtazama sana, akamwongezea kochi siku moja.

Kesho yake, alipofika mahali alipoelekezwa kuwa ndipo darasani, alikuta duka la kufulia nguo. Nje, kwenye benchi, wameketi wanaume waliochana nywele vizuri, kila mmoja na daftari jipya. Wawili aliwafahamu: muuza dhahabu ya shaba, na yule wa viwanja visivyokuwepo. Wakasogea, akakaa.

Wa viwanja akasema kwa huzuni kwamba ameulizia: tableti zile kuukuu walizompa mwalimu kama ada ndizo hasa zinazokubali Linux bila shida.

Profesa akamgeukia. "Wewe alikusifia nini?"

"Sauti. Wewe je?"

"Vidole."

Wakaendelea kusubiri, maana huenda mwalimu amechelewa tu.