Champion ya Daraja ya Tatu

Leo nimepata haya, bandugu. Haya ya kweli, ile ya kutafuta shimo uingie na ujifunike nayo.

Ninaandika hapa mu groupe ya batoto ya camp ya kampuni juu nyumbani nimekatazwa kusema. Mutaona kwa nini. (Makosa ya maandishi munisamehe. Shule niliiacha wakati kampuni iliacha kulipa baba. Benye kuiua hiyo kampuni tunabajua. Banapita na motokari za vioo vyeusi, na sisi tunabasalimia.)

Munajua ninaishi kwa dada yangu mukubwa, Yaya Régine, tangu kazi yangu iishe. Ninalala mu salon, pale bageni banakaa. Sasa mutoto yake Trésor ameleta ordinateur, kompyuta yake ya michezo, mu hiyo hiyo salon. Ameiunga mwenyewe, kipande kwa kipande. Inanguruma kama mashine ya kusaga mihindi. Anafunika masikio, anapa bantu mugongo, anacheza na bantu ya ku Brésil asiobajua hata sura. Mugeni akiingia, hata jambo hapana.

Leo kisha misa, Yaya Régine alialika bamama ya chorale kukula. Bukari, samaki, sombe. Trésor iko palepale, mugongo. Minye nikashindwa kunyamaza.

"Zamani yetu," nikasema, "muchezo ilikuwa muchezo. Console! Unaichomeka mu télé, unasukuma cassette, unacheza. Hapana mot de passe, hapana neno ya siri. Hapana kungoja ijitengeneze kwanza. Na mulikuwa kundi ya batoto mbele ya télé moja, munapiga kelele pamoja. Hii yako ni sanduku ya maiti yenye taa."

Bamama bakacheka. Trésor akafungua sikio moja.

"Tonton, kila siku zamani yenu! Ordinateur inacheza yote ile console yenu ilicheza, na ingine elfu juu yake. Yenu ilikuwa na muchezo moja."

"Moja, lakini minye nilikuwa champion."

"Ya daraja ya tatu," Gloria akamalizia. Gloria ni dada mudogo ya Trésor. Hiyo habari anaijua kuliko Baba Yetu.

Benye mulikuwa pale munakumbuka. Lakini batoto benu bako mu groupe pia, basi nieleze.

Sisi tulikuwa kule Likasi, camp ya Shituru, nyumba za mustari, moshi ya usine, kiwanda ya kampuni, inakalia manguo ya mama kila siku ya kufua. Kule juu, mu manyumba ya bakubwa, alikaa Kabamba. Baba yake alikuwa chef ya baba yangu. Yule mukubwa alitumwa Ulaya kwa kazi, akarudi na console. Sisi ya camp hatukuwa tumeona kitu kama ile.

Kabamba hakuacha mutoto ya camp aingie bure. Minye nilitoa njiwa zangu nyeupe, dume na jike. (Andikeni hiyo mu roho. Njiwa.) Nikanawa miguu pa robinet ya inje, nikaingia, nikakaa pa sakafu yao. Ile baridi ya sakafu ya bakubwa bado ninaisikia mu matako.

Kabamba akanipa manette, ile ya vibonyezo, mu mikono. Kamba yake ilipita nyuma ya kabati.

"Cheza, weye."

Kamotokari kekundu kakatokea. Kanaruka mashimo, kanapita madaraja. Na minye nikaruka! Nikapita! Daraja ya kwanza. Ya pili. Pa ya tatu nikaanguka. Nilianguka palepale kila siku, hata siku nilivaa medali ya Bikira Maria. (Tulisema ile daraja bameiroga.) Lakini Kabamba mwenyewe, mwenye console, zamu yake ikifika anaenda kwanza nyuma ya kabati kupangusa mavumbi, anarudi, anacheza, anakufa mu shimo ya kwanza! Ya kwanza!

Na wakati minye ninacheza, kule chini ya télé maneno ya Kingereza ilikuwa inawaka na kuzima. Kabamba mwenyewe njo alitusomea: "Imeandika: Champion."

Sirène ya usine ikilia, tunatoka mbio, juu baba yake anarudi kukula. Siku ya kwanza nilishuka camp ninaimba. Nikaambia baba. Munakumbuka baba yangu, muntu ya kunyamaza, acide ya kiwanda ilimumaliza makucha. Alicheka mpaka akaweka tonge chini. Kesho yake akaambia kikosi yote ya kazi: "Mutoto yangu amepiga mutoto ya chef." Tangu pale camp yote ikaniita Champion. Cheo ingine sijapata mu hii maisha.

Basi. Turudi leo.

Trésor akaniangalia. "Nikitafuta ile muchezo hapa, mu hii sanduku ya maiti, utacheza mbele ya bamama?"

"Tafuta!"

"Ukifika daraja ya tatu, salon ni yako. Ordinateur ninaipeleka mu chambre yangu ya kulala. Ukishindwa, sitaki kusikia tena 'zamani yetu' mu hii nyumba. Hata kwa sauti ya kidogo."

"Bamama ya chorale ni bashahidi," Yaya Régine akasema. (Dada ya tumbo moja!)

Trésor akapiga-piga vidole. Akatafuta. Na bandugu, ikatokea. Kamotokari kangu. Kekundu kalekale, na ile muziki yake kama panya anafinywa. Nikaona ile sakafu, nikaona batoto ya camp bote tumebanana magoti, hata bale balifukuzwa mu miaka mibaya, bakapandishwa treni, na hatukubaona tena.

Akanipa manette. "Ngoja kwanza, Tonton, kuna kantu—"

"Ningoje nini? Weye njo utanifundisha minye?"

Akatikisa kichwa, akaingia mu chambre. Kamotokari kakaondoka. Nikabonyeza. Karuka! Nikabonyeza tena. Karuka!

"Eeh, Papa Champion!" Mama Odette akapiga kigelegele. Yeye njo mukubwa ya chorale, sauti yake inavuka mutaa.

Daraja ya kwanza! Nikasimama. Ya pili! Nikacheza dansi, nikageuzia kioo ya écran matako, na kamotokari kakaendelea kuruka. (Hapana muntu aliuliza. Hata minye.) Ya tatu, kakaanguka. Lakini nilifika! Nikanyoosha mikono juu.

"Salon yangu! Mumeona? Miaka yote hii na mikono haijasahau!"

Bamama bakaimba. Kabisa, na sauti za chorale. Hapo Gloria akakaribia écran.

"Tonton, haya maneno inawaka hapa chini..."

"Kingereza, mutoto yangu. Imeandika: Champion."

"Hapana, Tonton. Tunajifunza Kingereza ku masomo. Imeandika: Bonyeza uanze."

Nyimbo ikakatika.

Trésor alikuwa amesimama pa mulango, na kakamba kafupi mu mukono. "Tonton, njo nilisema ungoje. Manette yako haijaungwa. Hii njo ya kuungia. Muntu asipocheza, muchezo inajicheza yenyewe, inaonyesha bantu vile banacheza."

Nikaangalia chini. Ncha ya kamba ya manette ilikuwa juu ya kiatu yangu, kama mukia ya panya.

Mu écran, kamotokari kakaanza tena. Hapana muntu amegusa kitu. Karuka. Karuka. Kapita. Njia ileile, ninaijua kama njia ya kwenda kuteka maji. Kakafika daraja ya tatu. Kakaanguka palepale.

Bandugu, pale nikasikia baridi ya ile sakafu tena. Si ya leo tu. Kabamba! Kabati! Mavumbi!

Yeye hakuwa anapangusa kitu. Alikuwa anaunga manette.

"Uicheze sasa ya kweli," Trésor akasema polepole. Akaiunga. Nikacheza. Shimo ya kwanza, nimekufa. Nikarudia. Shimo ya kwanza. Palepale alikuwa anakufa Kabamba, yeye muntu peke yake alikuwa anacheza ile miaka yote.

"Papa Champion," Mama Odette akauliza, machozi inamushuka, "na ile daraja iko wapi?"

Mama moja ya chorale ilibidi atoke inje kwa kucheka. Yaya Régine alijifunika na kitenge. Gloria tu hakucheka, na hiyo njo iliniuma kupita yote.

Bamama balipoenda, nilifikiri Trésor atarudi kwa bantu yake ya ku Brésil. Hakurudi. Alivuta kiti ya pili, akaacha kamotokari pale, akaweka vya masikio mu kabati. Tumecheza sisi wawili mpaka taa ya njia ikawaka. Nimeruka shimo ya kwanza. Moja tu. Nilitaka kumuambia kitu juu ya zamani, nikakumbuka bashahidi, nikafunga kinywa.

Sasa ninaomba kitu. Baba yangu alikufa anajua mutoto yake alipiga mutoto ya chef. Mukienda kuzuru makaburi kule Likasi, pale analala, hii habari musiipeleke.

Na weye Kabamba, jina yako ninaiona hapa mu groupe, na ninaona umesoma. Usiandike hata neno. Rudisha njiwa.