Migebuka ya Mama Generosa

Jumamosi, 27 Januari 1973. Makere.

Mvua. Matope hadi magotini. Tumetoka Kibondo kwa miguu, sisi vijana wa TANU, kwenda Kigoma mjini kuadhimisha Azimio la Arusha. Wenzangu wanatembea kwa ajili ya taifa. Mimi pia, ila njiani kuna Kasulu, na Kasulu kuna Generosa.

Nilimwona harusini Kibondo mwaka jana. Nikamwambia nampenda. Akasema kama ni kweli, nifike kwao nikamwambie baba yake. Rahisi kwake kusema! Mzee Bazilio ni balozi wa nyumba kumi, na akikohoa mtaa mzima unanyamaza. Mtu kama huyo humwendei hivi hivi. Anahitaji mbinu.

Kesho tunaingia Kasulu kupumzika. Mbinu ya leo: nitangulie, nioge, Mzee anikute nimevaa shati kavu. Nimemshauri kiongozi wetu, Ndugu Hilali, kwamba walioumia miguu wapande lori la maharage watangulie. Nikaanza kuchechemea. Hilali akausifu ubinadamu wangu, kisha akatukagua miguu. Yangu laini! Kila jioni naipaka mawese. Ya Abbasi, mwalimu kutoka Tanga, imechubuka hadi inatia huruma. Basi Abbasi kapanda lori. Akanipungia mkono akinishukuru kwa kumfikiria.

Jumapili, 28 Januari. Kasulu.

Nimefika nimelowa kama kuku. Wenyeji wakatugawana, wawili wawili kila nyumba. Abbasi, kwa kuwa alitangulia, amepangiwa wapi? Kwa Mzee Bazilio! Amekwisha oga, ameketi barazani, anamwita Mama Generosa mama. Nimempa aliyepangiwa naye sweta langu ili tubadilishane nyumba. Sweta zuri. Baridi ya Kasulu haina mchezo.

Lakini nimepata mbinu kubwa kuliko zote. Kwetu Uha kijana hali ukweni kabla wazee wake hawajapeleka posa. Kila Muha anajua. Kwa hiyo nisipokula, Mzee ataelewa mwenyewe kwamba nimekuja kama mkwe, bila mimi kufungua mdomo. Akili hiyo!

Jioni Mama akaleta ugali wa muhogo na samaki, migebuka ya ziwani iliyoungwa kwa mawese. Harufu yake! Nikasema nimeshiba. Mzee akanitazama sana. Generosa akanitazama zaidi. Abbasi, ambaye ni mtu wa pwani na hajui lolote, alikula sehemu yake, akaomba radhi, akala na yangu.

Nimekula mapera mabichi nyuma ya nyumba. Mambo yanakwenda vizuri.

Jumatatu, 29 Januari.

Mambo hayaendi vizuri. Asubuhi uji wa ulezi, nikakataa. Tumbo likalia, watu wote wakasikia. Nikaenda kutafuta chai hotelini, nikakuta wenzangu wamemaliza maandazi yote. Nikarudi. Mama Generosa kaamua nina minyoo. Kanichemshia majani machungu, kasimama mbele yangu mpaka nikamaliza kikombe. Dawa si chakula, nikajitetea moyoni. Lakini dawa ile ilifagia hata mapera.

Mchana wote wakaenda uwanjani kutazama ngoma. Nikabaki, mgonjwa. Jikoni chungu kilikuwa kimefunikwa. Nilisema nitanusa tu. Yesu wangu! Nilikuwa na kichwa cha mgebuka mkononi na mkia mdomoni Mama aliporudi kuchukua khanga yake.

Mama mkwe! Jikoni! Nilitamani ardhi ipasuke. Yeye akapiga vigelegele kwamba dawa imefanya kazi. Akanikalisha, akanipakulia mwenyewe, na kila nilipomaliza akaongeza. Mzee alipokuja akanikuta nalamba vidole. Akacheka, akanipiga begani. Akasema tangu jana alidhani nimekuja kuposa, maana nilikuwa sili, na alikuwa anajiandaa kuniuliza natoka kwa nani. Kumbe maskini nilikuwa mgonjwa tu! Basi sasa nimekula chakula cha nyumba hii, mimi ni mwana wanje, yaani kwa Kiha mwanawe hasa, na Generosa amepata kaka.

Kaka! Mbinu ilikuwa imekwisha fanya kazi. Nimeiua kwa meno yangu.

Jumanne, 30 Januari.

Mzee amenizungusha kwa majirani. Kila nyumba tunainama, tunapiga makofi ya salamu, ananitambulisha: kijana wangu huyu. Mikono inawaka moto.

Generosa alinikuta kisimani. Aliniuliza kama ni kweli nimeshindwa na samaki. Kisha akaacha kucheka. Akasema hakuniomba nifunge wala niugue, aliniomba nimwambie baba yake neno moja kwa kinywa. Kinywa ninacho, ila nimekitumia kwa migebuka. Akasema yeye ananingoja tangu harusi ile, na kungoja kunachosha. Machozi yalimlengalenga. Nimeumia, sifichi. Nampenda sana msichana huyu.

Niliporudi, baba yake alikuwa uani anapukuchua maharage, peke yake, katulia. Nikaenda moja kwa moja. Kwa Abbasi. Nikamwomba anisemee.

Abbasi kakaa na Mzee mpaka maharage yakaisha. Akarudi na jibu: Mzee hana kinyongo, na kijana amempenda. Kosa linatengenezeka. Nirudi baada ya Kigoma, nisilale pale, nisile pale, nije na wazee wangu, na neno niliseme mimi mwenyewe. Sharti moja tu: bila ujanja.

Ananikubali! Nimemkumbatia Abbasi mpaka akalalamika miguu.

Jumatano, 31 Januari. Njiani.

Tumeondoka Kasulu alfajiri. Jua, hatimaye. Generosa alitusindikiza hadi mwisho wa mji, akanipa mgebuka mkavu ndani ya jani la mgomba, na akatabasamu. Ningeweza kutembea hadi Kongo.

Sasa, hao wazee. Mjomba wangu yuko Kumsenga, mbali, halafu ananijua mno, ataanza kusimulia. Nimefikiri tangu asubuhi na nimepata. Hilali atakuwa mjomba, ana kitambi cha kutosha. Abbasi atakuwa baba mdogo. Kiha hajui, nitasema ni bubu. Tumepumzika chini ya mti, nimemfundisha kuinama na kupiga makofi, ameshika upesi.

Abbasi anauliza je, Mzee hatamtambua, maana wamelala nyumba moja na kula chungu kimoja? Watu wa pwani wana wasiwasi! Hilo nimelimaliza zamani. Nitamvisha kofia.