Kagari Kekundu na Mama Mkwe

Leo nimeadhirika. Tena mchana kweupe, barabara kuu, nikiwa nimevaa shati la Idi.

Naandika haya nikiwa nje barazani, kwa sababu ndani wanacheka. Mmoja akinyamaza, mwingine anakumbuka kipande, wanaanza upya. Acha niwahi kuwasimulia mwenyewe, maana kesho mtaa wetu wote wa Kilole utakuwa na habari yake, na watu wa Kilole kuongeza chumvi hawajambo.

Kwa wasionijua, mimi ni fundi wa kuchomelea hapa hapa Korogwe. Mageti, madirisha, vitanda vya chuma. Kazi yangu ni vipimo. (Hilo lishikeni, mtanicheka vizuri zaidi.) Nina mke mmoja, Mama Zuhura, na watoto watatu. Zuhura anajua kila kitu. Jabiri anauliza kila kitu. Tatu, mdogo wao, akipanda chombo chochote kinachotembea, anabanwa na mkojo.

Miaka yote tumesafiri kwa pikipiki, kwa mafungu. Nampeleka huyu, narudi, nampeleka yule. Sasa Mungu katujaalia, tumejichanga, tunatafuta gari. Kwa dalali Athumani, pale kando ya barabara kuu, yako mawili ya saizi yetu. Moja ni refu, la viti saba, rangi yake kama uji uliopoa. Jingine ni dogo, jekundu, linang'aa mpaka unajiona meno. Mke wangu alisimama na viti saba. Mimi nikasimama na jekundu. Tumesimama hivyo mwezi mzima.

"Baba Zuhura, sisi ni watu wa safari," aliniambia. "Mkata kwa mama, Lushoto kwenu, sikukuu, misiba. Hako ni kagari ka bwana harusi."

"Halili mafuta," nikamjibu.

"Hata baiskeli haili mafuta."

Basi jana nikachukua futi, nikaenda kupima kiti cha nyuma cha lile jekundu. Nikarudi nyumbani, nikawakalisha watoto kwenye benchi, nikawapima mapaja mmoja mmoja. Hesabu ikakubali, na nafasi ya kiganja ikabaki. (Ndiyo, niliwapima watoto wangu kama mabati. Sijutii. Yaani, nilikuwa sijutii.)

Leo asubuhi tumekwenda wote kwa dalali. Wale jamaa wanaokunywa kahawa pale kila siku walikuwepo, nami nikatoa kauli. Hakuna aliyeniuliza. Nilijitolea.

"Athumani, nipe hili jekundu nikalijaribu. Naipeleka familia Mkata kwa mama mkwe, tunarudi leo leo. Tukirudi sote humu ndani, na mizigo yetu, hakuna mtu kunitajia viti saba tena. Akibaki nje hata mmoja, nachukua lile refu."

Mama Zuhura akasema, "Watu wamesikia." Alisema kwa upole sana. Mwanaume mwenye akili angeshtuka hapo.

Athumani namtengenezea mageti, ananiamini. Akanipa funguo, tukaondoka.

Jamani, safari ya kwenda ilikuwa tamu. Madirisha wazi, watoto wanaimba, mke wangu anawaitikia. Segera tukasimama, Tatu akakojoa. Kabuku tukasimama, Tatu akakojoa, Jabiri akauliza nani aliipanda mikonge yote ile na kama alipumzika. Mimi niliyekuwa nawabeba hawa watu kwa mafungu, leo wako wote nyuma ya kisogo changu wanapiga kelele. Nilifurahi mpaka nikaanza kuimba nao. Nikamwambia mke wangu, "Unaona? Tumeenea." Akasema, "Naona." Basi.

Tulipoiacha lami pale Mkata kushika njia ya shambani, gari likaanza kukwaruza tumbo. Nikawashusha watoto wamalizie kwa miguu. (Niliwaambia ni mazoezi. Zuhura aliniangalia tu.)

Sasa kabla sijafika mbali, lazima niwaeleze kuhusu mama mkwe. Ni mama mmoja mcheshi, majirani wote wanampenda. Lakini kwenye mambo ya ukwe hana mchezo. Siku hizi wengi wameyaacha, utamkuta mtu anakula sahani moja na mkwe wake. Mama mkwe wangu, Mzigua wa shamba hasa, hajaacha hata moja. Mkwe wa kiume humkaribii, humkodolei macho, hukai naye bega kwa bega. Akitaka kuniambia kitu anamtuma binti yake, hata kama nimesimama pale pale nasikia. Nami Mshambaa niliyelelewa nikaleleka, sijawahi kuvuka mpaka.

"Shikamoo mama," nikasema kwa mbali, macho chini.

"Marahaba baba." Kisha akamgeukia mke wangu. "Mwambie mkwe Mungu ampe umri. Mdogo wako kajifungua huko Kilole, mimi niko hapa nawaza basi la kesho, kumbe usafiri umekuja wenyewe."

Hapo ndipo nilipoiona mizigo mlangoni. Gunia la mahindi, limeshonwa mdomo. Sufuria kubwa ya kuchemshia maji ya kumkanda mzazi. Mkungu wa ndizi. Kiroba cha muhogo. Kuku watatu wa supu, wamefungwa miguu. Mtu anayengoja basi la kesho hafungi kuku miguu leo. Nikamtazama mke wangu. Yeye akawa anatazama mapapai mtini.

Ningefanyaje? Mama anakwenda kumlea binti yake mzazi. Hakuna mkwe duniani anayemwambia mama kama huyo asubiri basi. Tukala ugali wa muhogo na kisamvu cha karanga, nikala vizuri, nikajipa moyo. Nikatoa futi mfukoni.

Nikapanga. Sufuria ikaingia kwenye buti, ndizi ndani ya sufuria, muhogo pembeni. Mlango wa buti ukagoma, nikaufunga kwa kamba ya katani. Gunia halikuwa na pa kukaa ila kiti cha nyuma, upande wa kwangu. Nikalifunga mkanda. Kuku wakakaa miguuni. Mbele mimi kwenye usukani, pembeni yangu mke wangu kampakata Tatu, nyuma Zuhura na Jabiri wamebanana katikati, na mama mkwe dirishani upande wa kushoto. Ikakubali! Nikapiga honi ya ushindi.

Tukaondoka tumbo la gari likikwaruza, lakini hatukufika mbali. Nikainua macho kuangalia kioo cha ndani, nione nyuma kama kuna gari, nikakutana na macho ya mama mkwe. Mazima mazima. Akajifunika kanga. Nikatazama mbele. Baada ya kidogo nikasahau, nikainua tena. Tukakutana tena.

"Mwambie mume wako aache kunitazama," akasema mama.

"Baba Zuhura, acha kumtazama mama."

"Naangalia magari!"

"Mwambie magari hayako usoni kwangu."

Nikasimama. Kosa ni la pembe ya kioo, nikasema, na pembe ni kazi yangu. Nikabadilisha. Gunia likahamia kushoto, mama mkwe akaja nyuma yangu kabisa, ambako nilijua kioo hakimpati. Nikaondoka kifua mbele. Hapo ndipo nilipohisi kitu mgongoni.

Mama mkwe, Mungu kamjaalia urefu. Kiti chenyewe chembamba. Kila tukiingia kwenye shimo, magoti yake yananisukuma mgongoni kupitia kwenye kiti. Nikajibana kwenye usukani mpaka kidevu kikagusa honi. Honi ikalia. Jabiri, ambaye hajawahi kuona jambo akaliacha, akauliza kwa sauti, "Bibi, mbona unampiga baba magoti?"

 

"Simamisha," akasema mama mkwe. Ukiacha marahaba, hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuniambia neno moja kwa moja tangu nimwoe binti yake.

Nikasimamisha. Wapi? Pale pale Mkata barabarani, mbele ya wauza machungwa na abiria wanaosubiri mabasi. Mama akashuka, akasimama kando, akaivuta kanga. Watu wakaanza kusogea. Mwanamke mmoja mwenye beseni la machungwa akauliza kuna nini, Zuhura akamweleza yote, kwa mpangilio mzuri kabisa. Yule mama akatua beseni chini ili asikilize vizuri.

"Akae mbele basi," akashauri.

"Mbele bega kwa bega na mkwe?" mama mkwe akauliza. Wauza machungwa wote wakasema hapana, haiwezekani. Kumbe Mkata nzima iko upande wake.

Mama mkwe akafikiri. Kisha akamwambia mke wangu, "Mwanangu, wewe si una leseni?"

Anayo. Aliipata kabla yangu, jambo ambalo huwa silitangazi. Basi ikapangwa mara moja, tena bila futi. Mama Zuhura kwenye usukani. Mama mkwe pembeni yake, bega kwa bega na mwanawe, Tatu mapajani. Nyuma Zuhura, Jabiri na gunia. Milango ikafungwa yote. Wakaenea vizuri sana. Mimi nimesimama nje na futi mkononi.

"Na mimi?" nikauliza.

Wakatazamana.

"Gunia lishuke, liende kwa basi," nikasema.

Mama mkwe akamwambia binti yake, akitazama mbele, "Mwambie sitaki maneno. Lakini chakula cha mzazi kisafiri na watu baki, yeye apande?"

Na hata ningepanda, ningekaa wapi? Nyuma ya mama mkwe, magoti yangu mgongoni mwake? Hilo ni la kupeleka kwa wazee. Mke wangu akanitazama kwa huruma, huruma ya kweli, na mdomo unamcheza.

"Baba Zuhura," akasema, "gunia halina miguu. Wewe unayo."

Wakaondoka. Wauza machungwa wakanipa chungwa moja, la bure, la pole.

Mabasi mawili yakapita yamejaa. Mwishowe kikasimama kilori, dereva wake mtu wa makamo, anapeleka mbuzi Korogwe mnadani. Nikamsalimia, nikamwomba. Akatazama ndani, ambako walikaa mwenye mbuzi na mwanamke mmoja, akanijibu kwa adabu zote:

"Mbele tumejaa, ndugu yangu. Nyuma kuna nafasi, kama hutawabagua wenzako."

Nikapanda na shati langu la Idi. Mbuzi wakanitazama, wakanisogezea. Mmoja akaanza kula mkono wa shati, nikamwacha. Siku yenyewe ilikuwa imeshaharibika.

Kabuku tukalikuta jekundu limesimama kando ya barabara. Tatu anakojoa, sijui mara ya ngapi tangu Mkata. Kilori kikapunguza mwendo kwenye tuta, na watoto wangu wakaniona.

"Baba!" akapiga kelele Jabiri. "Hao mbuzi ni wa nani?"

Nikapunga mkono. Mke wangu akapiga honi. Mama mkwe akajifunika kanga uso wote, kwa heshima, lakini mabega nikayaona yanatikisika. Kabla ya Segera wakatupita, dirisha zima limejaa mikono midogo inanipungia, na mimi, haki ya Mungu, nikaanza kucheka peke yangu kule juu. Familia yangu ile pale kwenye gari, wamefurahi. Gari ndilo lililokuwa si lenyewe.

Nilipofika Korogwe nikamwomba dereva anishushe mbali kidogo. Hakusikia. Akasimama mlangoni kabisa kwa dalali Athumani. Wanywa kahawa wale wale, viti vile vile. Nikashuka kinyumenyume, shati halina mkono mmoja, nanuka beberu. Jekundu limeegeshwa pembeni, halina mtu. Watu wangu wote wako ndani ya lile refu la rangi ya uji. Gunia limeshahamishiwa nyuma. Mama mkwe kakaa siti ya mwisho kabisa, peke yake, kajinyoosha.

Mama Zuhura hakunisimanga. Hata "nilikuambia" hakusema. Alinipokea futi mkononi, akanipangusa majani ya mbuzi begani.

Athumani ndiye aliyeuliza, na jamaa wote wakaweka vikombe chini. "Enhe fundi, gari limewaenea?"

"Limetuenea sote," nikasema. "Isipokuwa mnunuzi."

Kile kicheko mlikisikia hata nyie wa Segera.

Nikakaa kwenye usukani wa viti saba, nikainua macho kwenye kioo. Nikaona Zuhura, Jabiri, Tatu, kuku. Mama mkwe yuko mbali huko nyuma, namwona kanga tu.

"Mwambie mkwe hapa pananifaa," akasema kwa sauti. "Mwambie na sikukuu nitakwenda naye Lushoto."

Kesho tunaandikishana na Athumani. Nawaombeni msinicheke. Wenye haki ya kunicheka leo ni wale mbuzi peke yao, maana wao walinisogezea nikapata pa kukaa.